Kutoka Mlinganyo Hadi Akili Mnemba: Mwongozo Kamili wa Kuanza Utafiti wa Mapigo ya Moyo Ukiwa Dar es Salaam

Ukiuliza leo uanzie wapi katika utafiti wa mapigo ya moyo kwa kompyuta, wengi watakujibu hivi: pakua data, funza mtandao wa nyuroni, ripoti asilimia ya usahihi. Mimi nakushauri uanze nyuma ya hapo, kwenye seli moja ya moyo na milinganyo miwili. Akili mnemba itakuambia kwamba pigo hili si la kawaida. Milinganyo itakuambia kwa nini, na bila hiyo "kwa nini" hutajua lini mashine inakudanganya.

Nimewaandikia watu wawili. Wa kwanza ni mwanafunzi wa udaktari pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Upanga, anayeujua moyo lakini hajawahi kuandika programu. Wa pili ni kijana wa kompyuta wa Kijitonyama anayeandika Python vizuri lakini hajui wimbi la P, lile dogo linaloanza kila pigo kwenye mchoro wa umeme wa moyo, liko wapi. Mkikaa meza moja mtafika mbali kuliko kila mmoja peke yake, na kama kuna ushauri mmoja tu utakaouchukua hapa, chukua huo. Vifaa ni kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8, Python pamoja na NumPy na Matplotlib, na bando la kupakulia data. Mashine ya gharama haihitajiki mpaka mwishoni kabisa.

Hatua ya 1: Uelewe umeme wa seli kwa kalamu na karatasi

Seli ya misuli ya ventrikali, yaani chumba cha chini cha moyo, ikiwa imetulia, ndani yake kuna volti hasi, takriban −85 hadi −90 mV. Chanzo kikubwa ni potasiamu: ndani ya seli ni nyingi, kama 140 mmol/L, nje ni kama 4 tu. Fanya kwa mkono wako hesabu ya Nernst, inayotoa volti ambayo potasiamu peke yake ingeileta: kwa joto la mwili, zidisha 61.5 kwa logi (msingi wa 10) ya 4 gawanya kwa 140. Utapata karibu −95 mV. Sasa badilisha ile 4 iwe 6, kama ilivyo kwa mgonjwa ambaye figo zimeshindwa kutoa potasiamu. Jibu linapanda hadi karibu −84.

Usiipite hesabu hiyo haraka. Tofauti ya mV 11 inaonekana ndogo, lakini seli inapokaa juu ya kiwango chake cha kawaida, sehemu ya milango ya sodiamu hubaki imefungwa hata wakati wa mapumziko. Sodiamu ndiyo inayousukuma umeme mbele. Ikipungua nguvu, umeme unatembea polepole na QRS, lile wimbi kubwa la ventrikali kuwaka, inapanuka kwenye karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Umetoka kwenye kipimo cha damu hadi kwenye mchoro wa moyo kwa hesabu ya mstari mmoja, na kazi nzima ya modeli, yaani milinganyo inayoiga seli, ni hiyo hiyo kwa milinganyo mingi zaidi.

Mengine ya hatua hii yako kwenye kitabu chochote cha fiziolojia: sodiamu inaingia na volti inaruka juu, kalsiamu inaishikilia pale juu, potasiamu inatoka na kuirudisha chini, yote kwa muda wa kama milisekunde 300. Soma mpaka uweze kumchorea mwenzako bila kutazama kitabu.

Hatua ya 2: Andika modeli yako ya kwanza

Hodgkin na Huxley walichapisha milinganyo yao ya umeme wa neva mwaka 1952 baada ya kupima neva nene ya ngisi, ndugu wa hawa tunaowanunua Feri. Mwaka 1960 Denis Noble, akiwa bado kijana mwanafunzi London, aliigeuza milinganyo ile ikafaa kwa nyuzi za Purkinje, zile zinazosambaza umeme ndani ya moyo. Kompyuta aliyotumia, Mercury, ilikuwa ya chuo kizima, na nafasi aliyopewa ilikuwa saa 8 hadi saa 10 usiku. Anayesubiri bando la usiku ili apakue data yuko kwenye njia iliyokwisha kupitwa.

Wewe anza na modeli nyepesi zaidi, ya FitzHugh na Nagumo ya miaka ya 1961 na 1962. Ina vitu viwili tu: v, inayosimama badala ya volti, na w, inayosimama badala ya uchovu wa seli. Andika hivi:

```
v, w = -1.2, -0.62
a, b, e = 0.7, 0.8, 0.08
hatua = 0.05
volti = []
for n in range(6000):
    t = n * hatua
    kichocheo = 0.5 if 50 < t < 55 else 0.0
    dv = v - v**3/3 - w + kichocheo
    dw = e * (v + a - b*w)
    v = v + hatua * dv
    w = w + hatua * dw
    volti.append(v)
```

Chora `volti`. Utaona mstari uliotulia, kisha mruko mmoja mkubwa, kisha mteremko unaopita chini kidogo ya mwanzo kabla ya kurudi. Vipimo vya modeli hii si milivolti wala milisekunde, kwa hiyo usiandike popote kwamba seli yako iliwaka "kwa ms 15". Ni kosa linalorudiwa sana kwenye ripoti za wanafunzi, na mhakiki akiliona anaacha kukuamini katika mengine.

Hatua ya 3: Isumbue modeli

Hapa ndipo utakapojifunza, kwa hiyo usiwe na haraka.

Punguza kichocheo kutoka 0.5 hadi 0.1 bila kubadilisha muda. Mruko unatoweka, v inainuka kidogo na kurudi. Seli haina pigo la nusu: ama inawaka yote ama haiwaki. Halafu rudisha 0.5 na uiache iwake muda wote badala ya kuizima kwenye 55. Seli inaanza kupiga yenyewe, tena na tena, bila kusukumwa na mtu. Umepata kitu chenye tabia ya kiwasha moyo kwa kubadilisha namba moja.

Jaribio la tatu ndilo muhimu kuliko yote. Weka vichocheo viwili vya nguvu ileile. Cha kwanza kiwe kati ya 50 na 55 kama mwanzo, cha pili kati ya 67 na 72. Cha pili hakitazaa pigo. Kisogeze hadi kati ya 120 na 125, na pigo litatokea bila shida. Ukichora w pamoja na v sababu utaiona: kwenye 67 uchovu bado uko juu. Kuna kipindi ambacho seli iliyokwisha kuwaka haiitiki, na magonjwa mengi ya mdundo wa moyo yanazunguka kwenye kipindi hicho. Tafuta mpaka wake kwa kusogeza kichocheo cha pili kidogo kidogo, kisha chora jedwali lako mwenyewe.

Hatua ya 4: Kutoka seli moja hadi kipande cha misuli

Panga seli kwenye gridi, tuseme 200 kwa 200, kila moja ikivuja umeme kidogo kwa jirani zake wanne. Kwa kazi hii hamia kwenye modeli ya Aliev na Panfilov ya mwaka 1996: nayo ina vitu viwili tu, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya misuli ya moyo. Programu ikianza kutoa namba za ajabu zinazopaa bila kikomo, kabla ya kulaumu milinganyo, hakikisha kigawo cha mvujo ukizidisha kwa hatua ya muda na kugawa kwa mraba wa umbali kati ya seli hakizidi 0.25.

Washa ukingo wa kushoto. Wimbi litatembea hadi kulia na kufa, kama katika moyo mzima. Rudia, lakini safari hii, wimbi la kwanza likiwa limeshapita katikati, washa robo ya chini nyuma ya mkia wake. Ukilenga wakati sawasawa, wimbi jipya litashindwa kwenda upande ambao bado umechoka, litapinda kwenye upande uliopona, na litaanza kujizungusha lenyewe. Hilo zunguko likitokea kwenye ventrikali za mtu, moyo unakimbia bila kusukuma damu vizuri. Likivunjika vipandevipande, unabaki mtetemeko, na mtu huyo anahitaji kushtuliwa kwa umeme ndani ya dakika chache.

Kwa nini moyo wa kawaida hauzunguki hivi ovyo? Piga hesabu. Umeme kwenye ventrikali hutembea kwa kasi ya kama mita 0.5 kwa sekunde; kipindi cha kutoitika ni kama sekunde 0.25. Zidisha: sentimita 12.5. Zunguko lisipopata njia ya urefu huo linagonga mkia wake na kufa. Kovu likipunguza kasi hadi nusu, njia inayohitajika inakuwa kama sentimita 6 tu, na ndani ya moyo hiyo inapatikana. Ndiyo maana timu ya Natalia Trayanova ya Johns Hopkins, Marekani, huunda moyo wa kompyuta wa mgonjwa mmoja mmoja kutokana na picha za MRI zinazoonyesha makovu, kisha huutumia kutafuta mahali ambapo daktari aunguze ili kukata zunguko. Ukitaka kufika huko, programu ya openCARP inapatikana bure kwa utafiti, lakini usiikimbilie kabla gridi yako mwenyewe haijazunguka.

Hatua ya 5: Seli ya binadamu, dawa, na swali la nyumbani

Sasa pakua Myokit, programu huria ya modeli za seli, na uweke modeli ya O'Hara na Rudy ya mwaka 2011, iliyojengwa kwa vipimo vya mioyo ya watu zaidi ya 100 isiyo na ugonjwa. Ina milinganyo zaidi ya 40, lakini baada ya hatua mbili zilizopita haitakutisha. Ipige pigo moja kwa sekunde, mamia ya mapigo, mpaka itulie. Pigo la kwanza peke yake halina maana. Halafu punguza mkondo wa potasiamu uitwao IKr kwa asilimia 50 na uirudie. Mruko wa umeme utarefuka waziwazi.

Dawa nyingi hufanya hivyo hivyo, na kwenye ECG huonekana kama QT ndefu, yaani muda mrefu kutoka mwanzo wa QRS hadi ventrikali zirudi kutulia. Tangu mwaka 2013 mpango wa kimataifa wa CiPA umekuwa ukisukuma modeli za namna hii ziingie katika kupima usalama wa dawa mpya. Kwetu jambo hili liko karibu sana. Bedaquiline, dawa ya kifua kikuu sugu, hurefusha QT, na mara nyingi hutolewa pamoja na clofazimine au moxifloxacin, ambazo nazo hurefusha. Hapo pana swali la utafiti ambalo mtu wa Dar es Salaam ana haki na sababu ya kuliuliza: dawa hizi zikiwa pamoja, seli inafanyaje kwa mtu ambaye potasiamu yake imeshuka kwa kuharisha au kutapika?

Utakapofika kwenye QT za wagonjwa, uwe mwangalifu na kanuni unayotumia kurekebisha kasi ya moyo. Chukua mgonjwa mwenye homa, moyo unapiga 100 kwa dakika, QT yake ni ms 360. Muda kati ya pigo na pigo ni sekunde 0.6. Kwa kanuni ya Bazett unagawa kwa kipeuo cha pili cha 0.6 na kupata karibu 465. Kwa kanuni ya Fridericia unagawa QT kwa kipeuo cha tatu na kupata karibu 427. Mtu ni huyo huyo na karatasi ni hiyo hiyo, lakini namba moja inatia wasiwasi na nyingine haitii. Moyo ukienda mbio Bazett huzidisha, na ndiyo sababu kwenye kifua kikuu sugu hutumika Fridericia. Modeli ya akili mnemba iliyofunzwa kwa QT za Bazett bila mtu kujua itaibeba kasoro hiyo hadi mwisho.

Hatua ya 6: Pata ECG za kweli

Nenda PhysioNet, hazina ya bure iliyoanzishwa mwaka 1999. Anza na hifadhidata ya MIT-BIH: rekodi 48 za nusu saa kila moja, kutoka kwa watu 47, zilizochukuliwa katika hospitali ya Beth Israel, Boston, kati ya 1975 na 1979, kila pigo likiwa limewekewa alama na wataalamu. Faili zote ni kama MB 100, bando la kawaida linatosha. Ukizoea, hamia PTB-XL ya Ujerumani, yenye ECG 21,799 za sekunde 10 na lidi 12 (pande 12 za kuutazama umeme wa moyo), kutoka kwa wagonjwa 18,869.

Kabla ya kufunza chochote, kaa na mwenzako wa udaktari mtazame rekodi mia moja kwa macho. Mtaona mitetemo ya umeme wa ukutani, mgonjwa aliyejikuna, elektrodi iliyolegea. Na hapa kuna jambo linalowaponyoka wengi: umeme wa Marekani una mzunguko wa Hz 60, wa kwetu Hz 50. Chujio ulilolinakili kutoka kwenye programu ya mtu wa Boston halitaondoa kelele ya Muhimbili.

Hatua ya 7: Sasa, akili mnemba

Chukua swali dogo. Napendekeza mpapatiko wa atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka bila mpangilio, kwa sababu ni wa kawaida, huleta kiharusi, na kwetu mara nyingi huambatana na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Alama zake kwenye ECG ni mbili: wimbi la P halipo, na muda kati ya pigo na pigo haufuati utaratibu wowote.

Usianze na mtandao wa nyuroni. Pima muda kati ya mapigo, tafuta wastani na mtawanyiko wake, weka kwenye mbinu rahisi ya takwimu kama rejeshi ya logisti. Andika matokeo. Hicho ndicho kipimo chako cha chini. Mtandao wa nyuroni wa tabaka kumi ukikishinda kwa nukta moja tu, tumia ile rahisi ambayo daktari anaweza kuielewa.

Kosa baya kuliko yote ni kugawa data kwa mapigo badala ya kwa watu. Mapigo ya mtu mmoja yanafanana mno. Ukiweka nusu yake kwenye mafunzo na nusu kwenye mtihani, mashine inamtambua mtu, haitambui ugonjwa, nawe unapata asilimia 99 za bure. Hata kwa wakongwe hapa panahitaji jicho: kwenye MIT-BIH rekodi 201 na 202 ni za mtu mmoja, lakini mgawanyo unaotumiwa na wengi tangu 2004 umeziweka pande mbili tofauti. PTB-XL imekuja na mafungu kumi yanayoheshimu wagonjwa. Yatumie kama yalivyo, la tisa kwa kurekebishia na la kumi kwa mtihani wa mwisho, unaoufanya mara moja.

Halafu usiridhike na usahihi wa jumla. Tuseme unapima watu 1,000 na 20 kati yao wana mpapatiko. Mashine yako inakamata asilimia 95 ya wagonjwa na kuwaachia asilimia 95 ya wazima. Itawanasa wagonjwa 19, lakini itawashuku wazima 49. Kati ya 68 wanaoambiwa "una tatizo", wenye tatizo kweli hawafiki watatu kati ya kumi. Hao 49 watalipa nauli kutoka Mbagala au Chanika, watapanga foleni, watakosa siku ya kazi. Hesabu hiyo iandike kwenye ripoti yako waziwazi, kwa namba za watu.

Akili mnemba inafanya makubwa kweli. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walionyesha kwamba ECG yenye mdundo wa kawaida inaweza kubeba dalili za mpapatiko uliopita au unaokuja, jambo ambalo jicho halilioni. Nchini Nigeria utafiti uliochapishwa 2024 ulitumia akili mnemba kuwatafuta wajawazito na waliojifungua karibuni ambao misuli ya moyo imedhoofika. Utafiti huo wa pili usome kwa makini zaidi, maana ulifanywa kwa wagonjwa wanaofanana na wetu na katika mazingira yanayofanana na yetu.

Hatua ya 8: Data za Dar es Salaam

Modeli iliyofunzwa Ujerumani haijui vijana wetu. Kuinuka kwa ST, kipande cha mchoro kinachofuata QRS, kusiko na madhara huonekana zaidi kwa vijana wa kiume wenye asili ya Afrika, na mashine isiyowahi kuwaona itapiga kelele ya mshtuko wa moyo kwa mcheza mpira mzima. Kwa hiyo data za hapa zinahitajika, na zina masharti yake.

Kwanza ruhusa. Andika pendekezo, tafuta msimamizi ambaye ni daktari wa moyo, peleka kwenye kamati ya maadili ya chuo chako, na kwa taratibu za kitaifa kwenye NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Taasisi kama JKCI, yaani Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyomo ndani ya eneo la Muhimbili, itataka kuona barua hizo kabla ya mazungumzo mengine, na ni haki yake. Usichukue ECG kwa simu kupitia rafiki yako wa wodini, hata moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inadhibiti kuzipeleka nje ya nchi. Kuzipandisha kwenye Google Colab, huduma ya kuendeshea programu mtandaoni, ni kuzipeleka kwenye seva usiyojua iko nchi gani, kwa hiyo mafunzo ya data za wagonjwa wetu yafanyie kwenye mashine iliyopo hapa.

Pili, karatasi. ECG nyingi ziko kwenye karatasi ya joto inayofifia ikikaa kwenye faili na jua. Ipige picha ikiwa mpya, imenyooka, mwanga ukitoka pande mbili, baada ya kufunika jina na namba ya faili. Hakikisha maandishi ya mm 25 kwa sekunde na mm 10 kwa mV yanasomeka, kwa kuwa bila hayo huwezi kujua kwamba kisanduku kidogo ni ms 40. Shindano la PhysioNet la mwaka 2024 lilihusu hasa kugeuza picha za karatasi kuwa mawimbi ya kidijitali, na programu za washiriki ziko wazi. Zijaribu kabla ya kuandika yako.

Tatu, alama. Wape madaktari wawili ECG zilezile, kila mmoja asome bila kuona jibu la mwenzake, na wa tatu aamue wanapotofautiana. Hifadhi majibu yote matatu, usibakize la mwisho tu. Pale wataalamu wanapobishana ndipo mashine yako nayo itakaposita, na mara nyingi ukirudi kwenye gridi yako ya hatua ya nne na kuuliza ni wimbi gani lingeweza kutoa mchoro ule, utapata jambo la kuwapelekea wote watatu mezani.